Namna ya Kutambua Ufashisti Unapojipenyeza Katika Nchi ya Kidemokrasia

Novemba 1919 Waitalia walipiga kura, na Benito Mussolini, aliyekuwa ameanzisha kundi lake jijini Milano mwezi Machi mwaka huohuo, hakupata hata kiti kimoja. Katika Milano yenyewe orodha yake iliambulia kura zisizofika 5,000, na wapinzani wake Wasoshalisti walibeba jeneza mitaani kuonyesha kwamba siasa zake zimekufa na kilichobaki ni mazishi. Haikutimia miaka mitatu kamili kabla mtu huyohuyo hajawa waziri mkuu, tena kwa uteuzi wa mfalme na kwa kura ya imani ya Bunge.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuipima hatari hiyo katika nchi inayofanya uchaguzi, yenye Bunge, mahakama na magazeti, ambayo watu wake husema kwa kujiamini kwamba jambo kama hilo kwao haliwezekani. Nimeuegemeza hasa kwenye Italia ya 1919 hadi 1926, na kiasi kwenye Ujerumani ya 1930 hadi 1933, kwa sababu nchi hizo mbili ziliifuata njia hiyo hadi mwisho na kila hatua yake imeandikwa. Mwishoni nimezitaja Finland na Ubelgiji, ambazo zilifika mlangoni zikageuka. Katika zote nne jambo moja linajirudia, nalo ndilo ninaloomba msomaji alishike tangu sasa: wafashisti hawakuwa na nguvu ya kuvunja mlango, na palipofunguka ni kwa sababu mtu mwenye heshima zake, aliyekuwa ndani, aliwafungulia akidhani atawatumia kwa haja zake.

Asidhani msomaji wa Afrika Mashariki kwamba hii ni hadithi ya mbali. Serikali iliyozaliwa kwa njia hiyo ndiyo iliyoivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuwamwagia watu wake gesi ya sumu, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliovaa sare za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, wale tunaowaita keya, walipigana nayo kupitia Somalia hadi Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, ambako majeshi yake yalisalimu amri Novemba 1941. Anayeteremka bonde la ufa kutoka Nairobi kwenda Naivasha hulipita kanisa dogo la mawe kando ya barabara ya Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitalia waliokuwa wakiichonga barabara hiyo mlimani.

Litumie neno kwa uangalifu

Kabla ya kuchunguza lolote, amua unachokitafuta. Si kila serikali katili ni ya kifashisti. Wapo madikteta wengi ambao hawataki chochote kutoka kwa wananchi isipokuwa wanyamaze na kukaa majumbani mwao, lakini ufashisti huwataka wananchi mitaani, wakiwa na sare, bendera na nyimbo. Husema kwamba taifa limedhalilishwa na sharti lizaliwe upya, kwamba yupo adui wa ndani anayelitia uchafu, kwamba kiongozi mmoja ndiye sauti ya umma hivyo hana haja ya kuhojiwa, na kwamba kumpiga adui si aibu bali ni kazi njema inayolisafisha taifa. Pia huwa na jeshi lake pembeni ya jeshi la dola. Anayemwita mfashisti kila waziri mkali na kila mpandisha kodi hulifanya neno kuwa butu, na siku litakapohitajika halitakata.

Hata hivyo, usisubiri mpaka sifa zote zitimie ndipo ushtuke. Mwishoni mwa 1922 magazeti ya upinzani bado yalikuwa yakichapishwa Italia, na katika baraza la mawaziri walikuwamo waliberali, Wakatoliki na wanajeshi, huku wafashisti wakiwa wachache. Mtu aliyetazama orodha ya mawaziri tu angeweza kulala usingizi bila wasiwasi.

Anza na fimbo, na umfuatilie anayeishika

Jambo la kwanza la kuchunguza ni vurugu za kisiasa, na namna ya kuzichunguza si kuhesabu waliopigwa tu, bali ni kuuliza maswali matatu kila mara: nani amepiga, nani amemwezesha kufika hapo, na amefanywa nini baadaye.

Chukua bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, mwaka 1921. Huko vibarua wa mashambani walikuwa wamejijengea vyama, maduka ya ushirika na ofisi za wafanyakazi, na katika wilaya nyingi walikuwa wamepata halmashauri kwa kura. Wenye mashamba walikuwa wamelazimika kukubaliana nao kuhusu ujira na idadi ya vibarua wa kuajiriwa, jambo ambalo hawakulisamehe. Ndipo malori yalipoanza kufika vijijini usiku, yakiwa yamejaa vijana wa Mussolini waliovaa mashati meusi. Walikuwa wakiichoma ofisi ya wafanyakazi pamoja na vitabu vyake vya hesabu, kisha wanakwenda nyumbani kwa kiongozi wa chama cha vibarua, wanamtoa nje mbele ya mkewe na watoto, wanampiga kwa marungu, na mara nyingi wanamshika kinywa na kumnywesha kwa nguvu mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, ili kesho yake awe kichekesho cha kijiji. Katika nusu ya kwanza ya 1921 pekee ofisi za wafanyakazi zaidi ya 100 ziliharibiwa.

Sasa yaulize yale maswali. Waliopiga walikuwa wanafunzi, maofisa wa zamani wa vita na watoto wa watu wenye uwezo. Fedha zilitoka kwa wenye mashamba, na malori na silaha mara kadhaa zilitoka katika kambi za jeshi, kwa maofisa waliofumba macho. Polisi walifika baada ya moto kuzimika, na aliyekamatwa akawa yule yule aliyepigwa. Nchi ilikuwa bado na sheria ya jinai, nayo ilikuwa sheria nzuri, ila ilikuwa ikigonga upande mmoja tu. Hapo ndipo msomaji anapopaswa kuandika tarehe katika daftari lake, kwa sababu fimbo isiyoadhibiwa ni habari kubwa kuliko hotuba kumi.

Kisha fuatilia kinachotokea fimbo hiyo inapoingia serikalini. Desemba 1922, wiki chache baada ya Mussolini kushika madaraka, ulitolewa msamaha kwa makosa yaliyotendwa kwa kile kilichoitwa manufaa ya taifa. Januari 1923 vikosi vya mashati meusi vikageuzwa kuwa mgambo rasmi wa dola. Aliyekuwa akimnywesha jirani mafuta ya mbarika akawa askari wa mgambo mwenye sare inayotambuliwa na serikali.

Ipo pia njia ya kumpima kiongozi mwenyewe kabla hajashika dola, nayo ni kusikiliza anasema nini watu wake wanapoua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa upande wa mashariki wa Ujerumani, wanamgambo wa Hitler waliingia katika nyumba ya kibarua mmoja mwenye siasa za kikomunisti wakamuua mbele ya mama yake. Watano walihukumiwa kifo. Hitler, ambaye wakati huo alikuwa akiomba akabidhiwe serikali kwa njia ya kisheria, aliwapelekea wauaji hao simu ya maandishi ya kuwaunga mkono, iliyotangazwa hadharani. Serikali iliyokuwapo iliwapunguzia adhabu, na Hitler alipoingia madarakani wakaachiwa huru Machi 1933. Aliyeisoma simu ile Agosti 1932 hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi.

Watazame walioshika funguo

Hapa ndipo wachunguzi wengi hukosea, kwa sababu anayepiga kelele jukwaani huvuta macho yote kwake. Kwa kila mwezi unaochunguza, jiulize kama vyama vya kawaida vya watu wazima na wastaarabu vinazidi kumsogelea mtu huyo au vinajitenga naye.

Giovanni Giolitti alikuwa mzee wa siasa za Italia, aliyewahi kuunda serikali mara tano. Kwa uchaguzi wa Mei 1921 aliwaingiza wafashisti katika orodha moja na waliberali wake, akitarajia kuwatumia kuwapunguza nguvu Wasoshalisti na kisha kuwatuliza kwa viti vya Bunge, kama alivyowatuliza wengi kabla yao. Walipata viti 35 kati ya 535. Kwa hesabu ni kidogo, lakini walichopewa hakikuwa viti peke yake. Mtu aliyekuwa akichoma ofisi za watu mwezi Aprili alikuwa mheshimiwa mbunge mwezi Juni, mwenye kinga ya Bunge, aliyetambulishwa kwa wapiga kura na waziri mkuu mwenyewe. Mwaka 1919, alipogombea bila mlezi, hakupata kitu.

Mlango wa pili ulifunguliwa asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 1922. Wafashisti walikuwa njiani kuelekea Roma, wengi wakiwa wameloa mvua, na silaha zao zilikuwa hafifu mbele ya jeshi lililoulinda mji. Mussolini mwenyewe alibaki Milano, karibu na mpaka wa Uswisi, akisubiri simu. Waziri mkuu Luigi Facta alikuwa ameandaa amri ya hali ya hatari itakayoanza saa sita mchana, na maagizo yalikuwa yamekwisha kupelekwa mikoani. Aliipeleka hati hiyo kwa Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu ili aitie saini. Mfalme alikataa. Maagizo yakabatilishwa, askari wakabaki bila amri, na Mussolini akapanda treni ya usiku kutoka Milano kwenda kukabidhiwa serikali. Maandamano yenyewe ya ushindi yalipita Roma baada ya uteuzi, si kabla yake. Roma haikutekwa siku ile. Palikosekana saini tu.

Ujerumani mambo yalikuwa hivyohivyo kwa namna yake. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 chama cha Hitler kilipoteza kura karibu milioni mbili ikilinganishwa na Julai, kikashuka hadi asilimia 33, na hazina yake ilikuwa imekauka. Hakikuwahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi wowote huru. Ni Franz von Papen, chansela wa zamani wa mrengo wa kihafidhina, aliyekwenda kumshawishi Rais Hindenburg, mzee wa miaka 85, amteue Hitler, akiwahakikishia wenzake kwamba wamemwajiri na watambana ukutani. Serikali ya tarehe 30 Januari 1933 ilikuwa na Wanazi watatu tu, Hitler akiwa mmoja wao. Mmoja wa wengine wawili, Hermann Göring, aliwekwa kusimamia polisi wa Prussia, jimbo kubwa kuliko yote la Ujerumani, na hicho kilitosha.

Kwa hiyo unapochunguza, usiridhike na idadi ya viti wanavyopewa. Uliza ni viti gani. Wizara ya mambo ya ndani, polisi na redio vina uzito kuliko wizara nyingine kumi.

Soma sheria zinazopita bila kelele

Anayeingia kwa mlango uliofunguliwa huwa na haja ya kuufunga nyuma yake, naye huufunga kwa sheria. Italia haikufuta katiba yake. Ile ya mwaka 1848 ilibaki kwenye karatasi muda wote wa utawala wa Mussolini. Kilichobadilika ni sheria za kawaida, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na sababu iliyosikika ya busara.

Ya kwanza kuitafuta ni sheria ya uchaguzi. Novemba 1923 ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Acerbo, iliyosema kwamba orodha itakayoongoza nchi nzima, ilimradi ifikishe asilimia 25, itapewa theluthi mbili ya viti. Hoja yake ilikuwa uthabiti wa serikali, na kamati ya Bunge iliyoipitia iliongozwa na Giolitti huyohuyo. Uchaguzi wa Aprili 1924 ukafanyika chini ya sheria hiyo, na marungu yakiwa vituoni. Mawaziri wakuu wawili wa zamani, Orlando na Salandra, waligombea ndani ya orodha ya serikali. Baadaye walijuta, lakini majuto yao hayakurudisha kiti.

Nyingine hupita kimya zaidi kwa sababu zinahusu mambo madogo. Mwaka 1926 mameya waliochaguliwa na madiwani wa wananchi, kwanza katika miji midogo na vijiji, waliondolewa na mahali pao wakawekwa watu wa kuteuliwa. Kwa mkazi wa mji mkuu hilo ni jambo dogo la huko mashambani. Kwa mkulima wa Emilia ndipo kura yake ilipoishia, kwa kuwa meya ndiye kiongozi pekee aliyewahi kuonana naye uso kwa uso.

Kuhusu amri za dharura nitasema kwa ufupi: usitazame amri ya leo tu, tazama mazoea yaliyoizaa. Kuanzia 1930 machansela wa Ujerumani walizoea kutawala kwa amri za rais chini ya kifungu cha 48 cha katiba, kwa sababu Bunge lilikuwa limegawanyika na watu milioni sita walikuwa hawana kazi kufikia mwanzo wa 1932. Jengo la Bunge lilipoungua usiku wa tarehe 27 Februari 1933, amri ya kesho yake, iliyofuta uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kutokamatwa bila mashtaka, ilitolewa kwa kifungu kilekile ambacho wananchi walikuwa wamekwisha kukizoea. Tarehe 23 Machi Bunge likajivua madaraka kwa kura 444 dhidi ya 94, na hizo 94 zote zilikuwa za Wasoshalisti, huku wanamgambo wakiwa wamesimama ndani ya ukumbi na wabunge 81 wa Kikomunisti wakiwa wamezuiwa kuingia.

Ijue siku ya mtihani

Karibu kila mara huja siku ambapo utawala mpya unayumba na kila mtu anaona. Italia siku hiyo ilidumu miezi sita. Tarehe 30 Mei 1924 mbunge Msoshalisti Giacomo Matteotti alisimama bungeni na, akikatizwa kwa matusi na vitisho, alisoma jimbo kwa jimbo namna kura zilivyoporwa, akataka matokeo yafutwe. Tarehe 10 Juni, mchana, alitoka nyumbani kwake akitembea kando ya mto Tiber kwenda bungeni. Wanaume walimkamata wakamwingiza ndani ya gari, akapambana nao humo ndani, wakamuua. Mwili wake ulipatikana tarehe 16 Agosti nje ya Roma. Waliomteka walikuwa watu wa karibu wa ofisi ya waziri mkuu, na nchi nzima ilijua. Watu walivua beji za chama na kuzitupa.

Wapinzani walifanya nini? Zaidi ya wabunge mia moja walitoka bungeni na kuapa kutorudi mpaka sheria itawale tena. Ninawaheshimu, kwa sababu walikuwa wakihatarisha maisha yao, lakini naamini walikosea. Walisubiri mfalme achukue hatua, na mfalme hakuichukua. Walikuwa na hasira ya umma mikononi mwao, wakaiacha ipoe kwa miezi, huku wakiwa wameondoka mahali pekee ambapo sauti yao ilikuwa inaandikwa rasmi. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini aliingia bungeni na kutamka kwamba yeye peke yake anabeba dhamana ya yote yaliyotokea, akawataka wamshtaki kama wanaweza. Ukumbi ulikuwa wa wafuasi wake. Novemba 1926 vyama vyote vya upinzani vilipigwa marufuku, na wabunge waliosusia wakavuliwa viti kwa hoja kwamba wamevitelekeza.

Kwa hiyo siku ya namna hiyo ikifika, usiulize nani amekasirika, kwa kuwa wote watakuwa wamekasirika. Uliza nani yuko tayari kutenda kesho asubuhi: chama cha wafanyakazi kugoma, jaji kufungua jalada, waziri wa chama shirika kujiuzulu pamoja na wenzake, gazeti kuchapisha majina. Hasira isiyopewa kazi ndani ya wiki chache huisha.

Jifunze kwa waliofunga mlango

Finland ya 1930 ilikuwa na vuguvugu la Lapua, lililopiga na kuteka wapinzani wake, hadi likamteka rais wa zamani Ståhlberg pamoja na mkewe. Rais Svinhufvud alikuwa mhafidhina mkali ambaye watu wa Lapua walimshangilia alipochaguliwa mwaka 1931. Walipokusanyika Mäntsälä na silaha mwishoni mwa Februari 1932 wakitaka serikali ijiuzulu, walitarajia kwamba yeye ni mtu wao. Tarehe 2 Machi alizungumza nao kwa redio, akawaambia warudi makwao, na kwamba watu wa kawaida watakaotii hawataadhibiwa ila viongozi. Walitawanyika ndani ya siku chache, na vuguvugu likapigwa marufuku kwa sheria ya kuilinda jamhuri ambayo lenyewe lilikuwa limeishinikiza itungwe ili kuwakandamiza wengine. Huyo alikuwa na ufunguo kama aliokuwa nao mfalme wa Italia, na siasa zake hazikuwa mbali na za waasi, lakini aliutumia kufunga.

Ubelgiji ilikuwa na Léon Degrelle, ambaye chama chake cha Rex kilipata viti 21 mwaka 1936. Aprili 1937 alilazimisha uchaguzi mdogo jijini Brussels akagombea mwenyewe. Wakatoliki, waliberali na Wasoshalisti, ambao hawakupatana karibu juu ya lolote, hawakusimamisha wagombea wao, wakamuunga mkono waziri mkuu Paul van Zeeland, na Wakomunisti nao wakaungana nao. Siku mbili kabla ya kura kardinali alitangaza kwamba Rex ni hatari kwa nchi na kwa Kanisa. Degrelle alipata takriban asilimia 19.

Kutokana na hayo, lipo jambo moja ambalo mwananchi asiye na cheo chochote anaweza kulifanya, nalo ni kukiuliza chama chake mwenyewe, si cha mpinzani, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kama kitaingia orodha moja na watu wenye vikosi vya marungu, na kama kitakubali mgombea wa chama kingine asimame peke yake ikiwa ndiyo njia ya kuwazuia. Swali hilo huulizwa tawini, kwenye mkutano wa kawaida, kabla ya majina ya wagombea kupitishwa. Waliberali wa Bologna na Ferrara walipoziona orodha za wagombea za Mei 1921, majina ya wafashisti yalikuwa yamekwisha kuwekwa kando ya majina yao.